Muuguzi wa Pili wa Msuyila

Zahanati ya Msuyila,
Kata ya Ndalambo.
7 Julai 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mu wazima hapo kijijini Ruanda na kahawa mmeanza kuianika. Mimi sijambo, ila vumbi la huku limenikausha koo. Barua hii anakuletea mdogo wangu Ferdinand, akipita na Fuso lake la mahindi. Ningepiga simu, lakini kuupata mtandao hapa lazima nipande kilima cha shule, na pale juu kila mtu anasikia mambo ya mwenzake. Tena wewe mwenyewe simu huipendi. Unasema inakukatisha maneno.

Nimechaguliwa, Mama. Chuo kimoja cha Dodoma kimenipa nafasi ya masomo ya juu ya uuguzi, yanayoanza mwishoni mwa Oktoba. Nikimaliza nitaweza kumpima mgonjwa, kujua anaumwa nini na kuamua matibabu yake mimi mwenyewe, badala ya kuandika rufaa na kusubiri gari. Mwezi wa tatu barabara ilipokatika kwa mvua, nilikaa na mama mmoja anatokwa damu tangu asubuhi hadi jua likazama. Nilijua kinachotakiwa kufanyika, na nilijua kwamba sikufundishwa kukifanya. Alipona. Mpaka leo sijui alipona vipi.

Lakini nikiondoka, hapa anabaki Recho, mhudumu wetu, ambaye kazi yake ni usafi na kuchemsha vifaa. Wilaya wanasema wataleta muuguzi mwingine. Wanaweza kumleta, na wanaweza kuchelewa. Kwa hiyo sijaamua. Nataka kusikia neno lako kabla sijaenda wilayani Chitete kuomba ruhusa.

Kuna jambo lingine la kuchekesha. Mama mmoja, Irene, aliyejifungua hapa majuzi, amekuja kliniki na kuku. Akasema kuku huyo ni wangu na dada yangu. Nikamuuliza dada yupi. Akasema yule aliyenishika mkono siku ile. Siku ile Recho alikuwa msibani, tulikuwa wawili tu, mimi na Irene. Uchungu humwonyesha mtu mengi. Kuku nimempokea.

Mwanao,
Tabita


Ruanda, Mbozi.
19 Julai 2024

Mwanangu Tabita,

Marahaba. Hapa sote tu wazima kwa neema ya Mungu. Kahawa si nyingi mwaka huu lakini punje ni nzuri.

Barua yako nimeisoma nikairudia. Ulipopangiwa kazi huko Ndalambo nililia, na wewe ukacheka, ukasema Mama, ni mkoa huu huu. Sasa huko hakujakutosha, unataka Dodoma. Baba yako hayupo. Ferdinand anaishi barabarani. Nikianguka hapa njia ya kisimani nitaokotwa na jirani, na wewe utasikia habari zangu kwa watu. Elimu uliyonayo ni kubwa. Wanawake wa huko wanakuhitaji.

Mwalimu Gasper alikuja tena Jumapili pamoja na mjomba wake. Walikunywa chai, wakasifu migomba yangu, wakaondoka. Hawakusema kitu, lakini hakuna anayetoka Mlowo kuja kuangalia migomba.

Sikukatazi. Nasema tu kwamba baraka za safari hiyo sijazipata moyoni, na siwezi kutoa nisichonacho.

Huyo Irene alisema huyo dada yukoje? Nauliza tu.

Mama yako,
Roda


Msuyila.
4 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo. Nimekuelewa, japo nimeumia. Nimeiweka ile karatasi ya chuo chini ya Biblia nisiione. Pengine nitawajibu kwamba siji. Kuhusu Mwalimu Gasper, tafadhali endelea kumpa chai.

Umeuliza huyo dada yukoje. Nilidhani ungecheka. Basi, tangu nilipokuandikia wamemwona wengine, na hawajuani. Wote wamesema jambo moja: anasimama upande wa kichwani, anamshika mgonjwa mkono, anampangusa jasho, hasemi neno. Hana viatu, na miguu yake ina udongo mwekundu. Anafanana nami, wanasema, mpaka wanashangaa mimi kumkana. Ila lile doa langu la kidevuni, lililo upande wa kulia, yeye analo upande wa kushoto. Bibi mmoja aliyemsindikiza mkwewe alimwona kupitia dirishani saa za mchana, jua likiwaka. Akaniambia, “Muuguzi, mwambie mwenzako avae viatu, humo ndani kuna damu.”

Recho sasa hakubali kufagia chumba cha kujifungulia peke yake. Mimi sijaona kitu. Ila nimeanza kuona kwamba ninapozalisha, nasogea kidogo kando, kama unavyompisha mtu kwenye chumba chembamba. Sikukusudia. Nimejigundua tu ninafanya hivyo.

Wazee wa kanisa walikuja kuomba. Waliomba vizuri. Kesho yake akazaliwa mtoto wa kiume, na mama yake akaniuliza kati yetu wawili nani mkubwa.

Usiogope. Nakuandikia haya kwa sababu umeuliza.

Mwanao,
Tabita


Ruanda.
8 Agosti 2024

Tabita,

Barua hii nimempa dereva wa basi la Sumbawanga, sikumsubiri Ferdinand.

Nenda Dodoma. Nimebadili neno langu. Baraka zote unazo. Nenda hata kabla chuo hakijafungua, tutatafuta mtu wa kanisa letu akupokee. Tangu leo usilale kwenye nyumba ya zahanati, kalale kwa Recho. Akija mama mwenye uchungu, usikae naye peke yako, awepo mtu mzima mwingine. Wakikuambia yupo, usigeuke kumtafuta. Usimwite kwa jina lolote.

Usiniulize sababu. Nenda tu.

Mama yako


Msuyila.
25 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo.

Mwezi mmoja uliopita Dodoma ilikuwa mbali. Sasa niende hata chuo hakijafungua. Umenificha kitu, na mimi sasa siendi popote mpaka nikijue. Nalala kwangu. Nisamehe kwa maneno haya, lakini hapa naishi mimi, siyo wewe.

Nikueleze yaliyotokea, ndipo uamue kama utaendelea kunyamaza.

Ijumaa mchana mume wa binti mmoja, Erica, alimleta kwa pikipiki. Mimba yake ya kwanza, hajawahi kuhudhuria kliniki, na alikuwa tayari anasukuma. Nilipompapasa tumbo nikagundua ni mapacha. Mapacha hatuzalishi hapa, tunawapa rufaa, lakini huyo hakuwa wa kufika popote. Recho nikamtuma mbio kilimani apige simu ya gari. Mume nikamweka nje. Ndani tukabaki mimi na Erica.

Wa kwanza alitoka akilia, msichana. Nikamkausha, nikamweka kwenye meza ya pembeni, nikamfunika taulo. Sikuwahi kumfunga vizuri kwa sababu wa pili alikuwa ametanguliza miguu. Nilifanya nilichokumbuka. Alitoka mweupe, amelegea, hana sauti. Nikamsugua mgongo, nikamsafisha mdomo, nikachukua mfuko wa kupumulishia, nikaanza kumpa hewa. Kifua kilipanda na kushuka kwa nguvu zangu tu. Mama, nilitaka kukata tamaa.

Hapo nikasikia mtu nyuma yangu anapumua. Siyo Erica, Erica alikuwa mbele yangu ananiangalia. Huyo alivuta pumzi na kuitoa polepole, na mimi mkono wangu uliokuwa umeharakisha kwa hofu ukafuata mwendo wake. Tukaenda hivyo. Sikugeuka. Siyo kwa ushujaa, shingo ilikataa. Kisha mtoto akakohoa, akalia.

Nilipogeuka, hapakuwa na mtu. Lakini yule wa kwanza pale mezani alikuwa amefungwa barabara, ncha imepitishwa chini ya kwapa la kushoto, namna ambayo mimi sifungi na sikufundishwa. Na hakufungwa kwa taulo letu. Ni nusu ya kitenge cha zamani chenye tausi, kimepauka, kimepasuliwa kwa mkono.

Erica akaniuliza, “Dada yako anaitwa nani? Nataka huyu wa kwanza nimpe jina lake.”

Nikamwambia sina dada. Akaniangalia kama unavyomwangalia mtu anayekudanganya mchana kweupe.

Watoto wazima wote wawili. Kitenge nimekifua, kipo hapa. Sijui nikirudishe kwa nani. Wewe unajua?

Tabita


Ruanda.
10 Septemba 2024

Mwanangu,

Nimekaa na barua yako nikashindwa kula. Ferdinand akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia upo, ila ni wa zamani.

Hukuzaliwa hapa Ruanda. Nilikuambia ulizaliwa hapa, na watu wote nikawaambia hivyo. Ulizaliwa Msuyila. Baba yako Yonathani alikuwa Mnamwanga wa huko, na siku zile alikuwa anavuka mpaka kwenda Nakonde kufanya biashara ya chumvi na vitenge. Mimi alikuwa ameniacha kwa shangazi yake. Zahanati haikuwepo. Aliyekuwa akizalisha wanawake alikuwa bibi mmoja mzee, na uchungu uliponikamata alikuwa amekwenda kuzalisha kijiji kingine.

Mlikuwa wawili. Mlitoka mchana, mvua inanyesha. Mwenzako ndiye aliyetangulia. Alitoka mzuri, ana nywele nyingi, ana doa kidevuni upande wa kushoto. Hakulia. Shangazi alimpiga mgongoni, akamwagia maji, akampulizia puani kama alivyoona wengine wakifanya. Hakujua zaidi ya hapo, na mimi nilikuwa sijamaliza, wewe ulikuwa unakuja. Wewe ulilia kwa watu wawili.

Baba yako aliniletea kitenge chenye tausi. Nilikipasua kwa mikono yangu. Nusu nikakufunga wewe. Nusu nikamfunga mwenzako, ncha chini ya kwapa la kushoto, kama mama yangu alivyonifundisha. Alizikwa nyuma ya nyumba ya shangazi, karibu na mti wa msuku. Hakupewa jina. Walisema ukimpa jina atamwita aliyebaki, na aliyebaki atamfuata. Waliniambia nisikutajie hata siku moja. Tulihama kabla hujajua kukaa. Shangazi alipokufa eneo lake lilichukuliwa na kijiji, na baadaye nikasikia wamejenga zahanati.

Sasa unajua kwa nini nililia ulipopangiwa huko. Kati ya vijiji vyote serikali ikachagua kile. Nilikaa kimya, nikasema huenda amelala. Ulipoandika habari za Dodoma, sikutaka uende mbali nami. Ulipoandika habari za doa, nikataka uende hata mwisho wa dunia.

Hiyo nusu ya kitenge usimpe mtu. Na usikae nacho ndani. Mwanangu, mimi nilibeba wawili nikatoka na mmoja. Asije akamchukua na huyo.

Mama yako,
Roda


Msuyila.
29 Septemba 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo.

Sikuandika mapema kwa sababu sikujua niandike nini. Nilikasirika kwanza. Miaka yote nimekuwa nikijaza fomu kwamba nimezaliwa Ruanda. Baadaye hasira ikaisha, nikabaki nakuona wewe, binti wa umri mdogo kuliko wangu wa sasa, mvua inanyesha, hakuna mtu anayejua la kufanya. Mama, nimezalisha wanawake wengi katika chumba kile. Laiti ningekuwepo siku yako.

Msuku nimeuona. Upo nyuma ya choo cha wagonjwa, watoto huchuma masuku yake. Nilikaa pale baada ya kazi. Sikuona mtu, sikusikia kitu. Kitenge nilikitundika kwenye tawi. Nilipopita tena hakikuwepo. Labda kuna mtu amekihitaji.

Unaogopa atanichukua. Nami niliogopa, ukweli niuseme. Lakini nimefikiri. Amekuwa hapa muda wote huo, na kama angetaka kunichukua asingenisaidia kupumulisha mtoto wa watu. Nimeangalia kumbukumbu za kazi yangu: tangu nifike, hakuna mtoto aliyezaliwa katika chumba kile akashindwa kulia. Siyo ufundi wangu. Naujua ufundi wangu unapoishia.

Ndiyo maana nimeamua. Naenda Dodoma. Simkimbii. Nakwenda kujifunza kile ambacho hakikuwepo siku aliyozaliwa. Nilikwenda Chitete, ruhusa nimepewa, na mwenzangu mpya amepatikana, anaitwa Ombeni, amehamishwa kutoka Kamsamba. Ni mtu makini. Sijamwambia kitu.

Kinachonisumbua ni kimoja. Mimi nikiondoka, yeye anabaki na nani? Nimekuwa dada yake kwa wiki chache tu nikijua, na tayari namwacha.

Mama, njoo. Njoo kabla sijasafiri, tumpe jina.

Mwanao,
Tabita


Dodoma.
24 Novemba 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimefika salama na masomo yamepamba moto. Mji huu ni mkavu na upepo wake hauna adabu. Chumbani tuko wanne. Mmoja anatoka Rukwa, tunacheka kwa matamshi yetu.

Naendelea kuiona siku ile tuliyompa jina pale chini ya msuku. Ulivyoshika ule udongo. Ulivyosema “Lusungu”, kisha ukalisema tena kwa sauti ya kawaida kabisa, kama unayemwita mtoto aje kula. Mchungaji alisema ni jina zuri, maana yake huruma. Wewe ulisema ulikuwa nalo tangu siku ile ya mvua.

Nilidhani nikifika huku nitapumua. Badala yake nimekuwa mtu wa upande mmoja. Kwenye mafunzo wodini bado nasogea kando kumpisha mtu, na mwalimu wangu ananiuliza namkwepa nani. Hakuna mgonjwa aliyewahi kuniuliza habari za dada yangu. Kila siku nasubiri mmoja aulize.

Wiki iliyopita walitufundisha kuhusu mtoto asiyelia. Nilikijua chote kilichofundishwa, Mama, na kilikuwa kidogo sana. Mfuko mdogo wa hewa na mtu asiyeharakisha. Nilitoka darasani nikaenda kukaa chooni.

Ferdinand ananiambia hukurudi naye Ruanda, na magugu yameota kwenye kahawa. Ulisema unabaki kumsaidia Ombeni kuhamia. Ombeni ni mtu mzima. Unarudi lini nyumbani?

Mwanao,
Tabita


Msuyila.
12 Januari 2025

Mwanangu Tabita,

Marahaba. Nimefurahi kwamba mtihani wa kwanza umefaulu.

Sirudi Ruanda. Kahawa nimemwachia binamu yako, atanipa kidogo akivuna. Huku nimepanga chumba kimoja karibu na zahanati, na nyuma nimepanda mahindi. Watu wa hapa wananikumbuka, yupo hata mzee mmoja aliyekuwa akinunua chumvi kwa baba yenu. Mwalimu Gasper mwambie mwenyewe. Mimi sina chai ya kumpa tena.

Nilikuja niondoke kesho yake. Ilipofika kesho nikasema nipalilie kwanza pale chini ya msuku. Nilipopalilia nikasema nisubiri mvua nione kama maua niliyopanda yameshika. Basi. Wewe una chuo, una wenzako watatu chumbani, una vidole kumi vya kufanyia kazi. Yeye alikuwa hana mtu.

Ombeni anafanya kazi vizuri. Wanawake bado wanaleta kuku wa watu wawili, naye amezoea, haulizi. Mwezi uliopita kina mama watano walijifungua, watoto wote wamelia. Mimi hukaa kibarazani nikisikiliza.

Nitakuambia jambo, usiniombee kama mgonjwa. Juzi mchana nilikuwa naosha vyombo nje. Nikaona umekuja, umechuchumaa upande wa pili wa beseni, unasuuza. Nikaanza kukuuliza habari za Dodoma. Nilisema mengi, habari za Ferdinand, habari za mvua. Ndipo nikaona miguu, haina viatu. Sikunyanyuka. Tulimaliza vyombo. Jioni nilisonga ugali nikaweka sahani mbili, na tangu siku hiyo naweka mbili. Sijui kama anakula. Asubuhi sahani huwa safi, lakini hapa kuna paka.

Nilikuwa nikiogopa atakufuata. Sasa naogopa kinyume chake, kwamba siku moja nitaamka asiwepo. Kwa hiyo usinihimize kurudi.

Wewe maliza masomo, yote, usiyakatishe kwa ajili yangu. Na siku utakayorudi, macho yangu si mazuri tena na madoa siyatofautishi. Usiingie kimya kimya. Simama mlangoni ubishe hodi kwa sauti. Mwenzako habishi.

Mama yenu,
Roda